UZI: Oili ya injini kwa gari na mashine ya kukatia majani. Nani alikwambia 20W-50 inafaa kila kitu?

Spana_14

Wakuu, salaam.

Kila mara humu mtu akiuliza "gari yangu niweke oili gani", majibu yanagawanyika kambi mbili hapohapo: kambi ya "weka nzito, gari imeshatembea hiyo" na kambi ya "weka sinthetiki, nyingine zote takataka". Anayeuliza gari ni gani na injini ni ipi hayupo. Nimeona nishushe uzi mmoja tuwe tunarudi hapa badala ya kugombana upya. Naanza na magari, mashine za kukatia majani zitafuata, maana huko injini zinakufa kimyakimya na lawama anatupiwa kijana wa bustani.

Msimamo wangu ni huu, mnaotaka kuniparua nipo: oili haichaguliwi kwa umri wa gari wala kwa bei. Inachaguliwa kwa namna injini ilivyoundwa, yaani upana wa nafasi kwenye beringi, nguvu ya pampu, na vile vitundu vidogo ambavyo oili inatakiwa ipite. Aliyeiunda ameshaandika jibu kwenye kitabu cha gari, mara nyingi hata juu ya kifuniko cha kujazia oili. Tunakifungua kifuniko, tunakiweka juu ya betri, hatukisomi.

Namba sasa. Tuchukue 5W-30. Ile iliyo kabla ya W inasema oili inajimudu vipi injini ikiwa ya baridi. 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20, na 20W kwenye 15. Niambieni Dar ilifika huko lini. Hata Njombe mwezi wa saba, asubuhi ile majani yamepauka kwa barafu, bado uko mbali kabisa na 15 chini ya sifuri. Kwa hiyo anayekutisha kwamba ukiweka 15W gari haitawaka asubuhi, mwache aongee. Lakini msiseme namba ya mbele haina kazi huku kwetu. Asubuhi ya kawaida ya Dar, injini imelala usiku kucha, 20W-50 ni nzito kuliko 5W-30 kwa zaidi ya mara mbili. Ile ya 5W inafika juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) mapema, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea hapo unapowasha, kabla oili haijapanda.

Namba ya nyuma ndiyo yenye ugomvi. Hiyo inapimwa kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshika moto. Gredi ya 30 iko kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili kutiririka) 9.3 na 12.5. Ya 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3, na ya 50 inatoka 16.3 hadi 21.9. Mnaona pengo? Kutoka 30 kwenda 50 unaweza kuwa umeongeza uzito karibu mara mbili, kwenye injini ambayo mwenye kuiunda alipiga hesabu ya 30.

Mfano ambao nusu ya humu ndani mnao: injini ya Toyota 1NZ-FE. Iko kwenye IST ya 1.5, Raum, Funcargo, Allion na Premio za 1.5, Probox, na nyingine kibao. Kitabu kinataka 5W-30, na 0W-20 inakubalika. Injini hii ina VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka), na VVT-i inaendeshwa kwa presha ya oili kupitia vali ndogo yenye kichujio cha wavu mwembamba sana. Ukiijaza 20W-50 haitakufa kesho, ndiyo maana fundi anakuambia "mbona za wengine zinatembea". Ila asubuhi vali inachelewa kuitika, gari inakuwa nzito kuondoka, mafuta yanaliwa zaidi, na siku nyingine taa ya injini inawaka, unaambiwa ununue sensa.

Jingine dogo kuhusu hiyohiyo 1NZ: inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni ni lita 4. Fundi anamimina galoni yote mpaka tone la mwisho kisha anaitikisa, mteja anafurahi kwamba hakuibiwa. Ile robo na ushee iliyozidi irudi nyumbani na wewe ikae kwenye buti kwa ajili ya kuongezea.

Herufi nazo zisomwe, zile za viwango vya API vya Marekani. S ni za petroli na C ni za dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi. SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na sasa 2025 imeingia SQ. Kwa petroli, ya baadaye inachukua nafasi ya iliyotangulia, kwa hiyo gari ya 2004 ikipewa SN au SP haina shida yoyote. Shida iko kwenye zile galoni za bei poa zilizoandikwa SF au SC kwa maandishi madogo mgongoni, mbele wamechora gari ya mashindano. SF ni ya injini za miaka ya 1980. Kwenye IST ya 2003 usiiweke hata ukipewa bure.

Wenye injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nyie tafuteni SP au zaidi. SP iliongezewa kipimo cha kuzuia mchanganyiko kujilipua mapema ukikanyaga mafuta kwenye mzunguko mdogo, jambo ambalo linaweza kupasua pistoni.

Dizeli za zamani za Toyota kama 1HZ, 3L na 5L hazina makuu, 15W-40 ya CI-4 zinaishi nayo miaka. Vitabu vyake vina jedwali la halijoto, na kwenye joto la kwetu hata 20W-50 imo. Dizeli mpya zenye kichujio cha masizi kwenye eksozi ni habari nyingine, hizo zinataka oili yenye majivu machache, na ukikosea utalipia kichujio ambacho bei yake sitaitaja hapa, watu wana presha.

Sinthetiki: nzuri, inavumilia joto na haigeuki tope haraka. Lakini neno hilo kwenye galoni lisikupumbaze. Tangu 1999, baada ya mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol kule Marekani, oili iliyotengenezwa kutoka mafuta ghafi yaliyosafishwa sana inaruhusiwa kuuzwa kama sinthetiki. Kwa hiyo 5W-30 ya kawaida yenye SN ni bora kwa IST kuliko sinthetiki ya 20W-50 ya bei mbaya.

Muda: Toyota kwa soko la Japani huandika kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na turbo, na mazingira magumu nusu yake. Sisi ni mazingira magumu, tena zaidi. Foleni ya Mbagala injini inaunguruma na kilometa hazisogei. Mimi nasema 5,000 kwa oili ya kawaida, 7,000 kwa sinthetiki, filta mpya kila mara.

Majani nayaandikia baadaye, kuna mteja ananisubiri.

Kaka Mkubwa wa Premio

Mkuu umeandika vizuri ila usitudharau tunaoweka nzito. Premio yangu 1.8 ilikuwa inakula oili, nusu lita kabla sijafika kwenye sevisi. Fundi akanibadilishia 20W-50, moshi umepungua, maisha yanaendelea. Kitabu kiliandikwa gari ikiwa mpya.

Spana_14

Kaka, hiyo 1.8 ni 1ZZ-FE, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima. Zile za mwanzo matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni. Oili nzito imepunguza inayopita, kweli, lakini ringi bado zimeganda palepale. Kama hutaki kufungua injini kwa sasa sikulaumu, ni hela. Shuka basi kwenye 10W-40 au 5W-40, fupisha muda wa kubadilisha, na vuta kijiti kila unapojaza mafuta. 1ZZ nyingi hazifi kwa kula oili. Zinakufa siku mwenyewe aliposahau kupima, taa nyekundu ikawaka akasema "nitaangalia nikifika".

Kaka Mkubwa wa Premio

Hapo kwenye taa nyekundu umenigusa shemeji yangu. 10W-40 nimekuelewa.

Njia ya Rongai

Nasoma kutoka Nakuru. Huku Probox ndio gari ya kila kazi, maziwa, abiria, harusi, na zote ni hiyo 1NZ unayosema. Makanika wetu wengi wameshazoea 5W-30 sasa, vita vyetu ni oili bandia. Unanunua galoni imefungwa vizuri, ndani ni oili iliyochujwa. Unaitambuaje? Mimi huangalia rangi na kuisugua kwa vidole.

Spana_14

Ndugu, vidole havipimi chochote. Oili feki inawekwa rangi na harufu inayotakiwa, na oili nzuri kabisa inaweza kuwa nyeusi baada ya wiki kwa sababu inasafisha uchafu, hasa kwenye dizeli. Rangi inayokuambia kitu ni moja: ukivuta kijiti au ukifungua kifuniko ukakuta oili kama chai ya maziwa, maji yameingia, zima injini.

Kwa feki, dawa ni kununua kwa wakala mwenye duka linalojulikana na risiti, kukagua namba ya toleo kwenye galoni na kwenye kifuniko, na kuangalia ile pete ya kifuniko kama imekatika na kugundishwa. Ukimaliza, toboa galoni tupu hapohapo gereji. Mkiona mtu anapita kununua magaloni matupu yenye vifuniko vyake, bei nzuri kuliko ya chupa chakavu, jiulizeni anakwenda kuhifadhia nini.

Mama Bustani

Habari zenu wanangu. Mimi nasubiri hiyo sehemu ya majani. Nina mashine ya Honda ya kusukuma, GCV160, natunza nyasi za hosteli ndogo hapa Moshi. Maswali mawili. Nimebaki na 5W-30 ya gari kama lita moja, naweza kuiweka? Na la pili, tangu juzi ikiwashwa inatoa moshi mweupe mzito, kijana anasema injini imekufa. Aliipindua kusafisha kisu, akairudisha, ndipo ikaanza.

Spana_14

Shikamoo mama. Naanza na moshi, injini yako haijafa.

Aliipindua upande usio sahihi. Mashine hizi zinalazwa upande ambao kichujio cha hewa na kabureta vinabaki juu, au inainuliwa pua juu, plagi ikiangalia mbinguni. Akilaza kinyume, oili inateremka kwenye silinda, kabureta na eksozi. Mwambie afanye hivi: achomoe waya wa plagi, atoe plagi, avute kamba taratibu mara kadhaa ili oili itoke pale kwenye tundu (asimame pembeni, itaruka). Akiona kamba imegoma kabla ya kutoa plagi, asiilazimishe, oili haibanwi na kitakachopinda ni konrodi (mkono wa pistoni). Kisha akaushe plagi, aangalie kichujio cha hewa. Kikiwa cha karatasi na kimelowa oili, kinunuliwe kipya, hakioshwi. Apime oili kwanza, ndipo awashe uwanjani, aiache iungurume mpaka moshi uishe wenyewe.

Sasa oili yenyewe, na hapa wadau wengine msikilize kwa sababu injini hii si gari ndogo. Haina radieta, inapozwa kwa hewa, kwa hiyo joto la oili linapanda kuliko la gari na hakuna kipimo kinachokuonyesha. Nyingi ya hizi za kusukuma hazina filta ya oili. Na hazina pampu ya kupeleka oili kwa presha kama gari: kuna kijiko chini ya konrodi au gurudumu lenye mapezi linalochota oili na kuirusha juu. Oili ikishuka kidogo tu kijiko kinakosa cha kuchota. Taa ya kukuonya hakuna.

Honda kwenye GCV160 wanataka 10W-30, API SJ au zaidi. Inabeba kama lita 0.55 tu, ndiyo, chupa ndogo ya maji. Briggs & Stratton wao kwa joto la kwetu wanapendekeza SAE 30 kavu, ile isiyo na W. Wanaruhusu 10W-30, lakini wanaonya kwamba joto likipita nyuzi 27 inaweza kuliwa zaidi. Na zile SF nilizozisema vibaya kule juu, Briggs wanazikubali kwenye mashine zao.

Hiyo 5W-30 yako, mama: ni oili ya injini ya mipigo minne, haitaua mashine. Itumie kama ndiyo iliyopo, ila pima kila unapoanza kukata, itapungua haraka kuliko 10W-30. Ikiisha nunua ya kwake, lita moja inakutosha sevisi karibu mbili.

Mama Bustani

Marahaba mwanangu. Kupima ndiyo hapo tunabishana na kijana. Yeye anafunga kile kijiti mpaka mwisho, mimi nasema kinachovya tu.

Spana_14

Mama uko sahihi kwa Honda: futa, chovya bila kukaza nyuzi, toa, soma. Ila kijana huenda alijifunzia kwenye Briggs, kule nyingi unakaza kabisa ndipo unasoma. Mashine iwe sehemu tambarare. Isizidi alama ya juu pia, maana ikizidi inapumuliwa hadi kwenye kichujio cha hewa na moshi unarudi.

Badilisha kwanza baada ya saa 5 ikiwa mpya, halafu kila saa 50 au miezi 6. Hesabu kwa saa, si kwa mwonekano. Kama anakata kiangazi kwenye vumbi, fanya 25. Mwage oili ikiwa ya moto kiasi, inashuka na uchafu wake.

Fyeka Fyeka

Mkuu hapo kwa kijana wa bustani umenikumbusha. Wengi wana mashine mbili, ya kusukuma na ile ya kubeba begani ya kufyekea. Wanabadilisha chupa. Nimeona mtu amemimina 2T (oili ya kuchanganya na petroli) kwenye tangi la oili la mashine ya kusukuma, na kwenye ya begani akaweka petroli tupu.

Spana_14

Hiyo ya petroli tupu inaua ndani ya muda mfupi sana. Ya begani ya mipigo miwili haina sehemu ya oili kabisa, oili yake inapita na petroli. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita. Kikisema 25 kwa 1, kama zilivyo nyingi za Kichina, ni mililita 40. Tumieni 2T yenye JASO (kiwango cha Japani) FC au FD, na kifuniko cha soda si kipimo, bomba la sindano la duka la dawa ni rahisi. Oili ya gari msichanganye humo, inaacha majivu kwenye plagi na eksozi. Na 2T isiingie kwenye injini ya mipigo minne hata tone, imetengenezwa iungue, haikuundwa kuzungushwa saa 50.

Andikeni kwenye vidumu kwa rangi. Nyekundu begani, nyeusi ya kusukuma, mambo yameisha.

Njia ya Rongai

Swali la haraka: yangu ya kusukuma oili inaongezeka badala ya kupungua. Nikipima iko juu ya alama na sijaongeza.

Spana_14

Inuse. Ikinuka petroli, sindano ya boya kwenye kabureta haifungi, petroli inavuja usiku hadi kwenye oili. Usiiwashe hivyo, oili imeshakuwa maji. Badilisha sindano, mwaga oili, weka mpya, na ufunge koki ya tangi kila ukimaliza kazi.

Mama Bustani

Moshi umekwisha, kichujio kimenunuliwa. Oili tuliyomwaga tuipeleke wapi? Kijana anataka kupaka nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa.

Spana_14

Mama, wengi tunapaka, lakini oili chafu ina mabaki ya metali na kemikali zisizofaa kwa ngozi, na mvua inaishusha ardhini. Kama nguzo ziko karibu na kisima au bustani ya mboga, hapana. Ikusanyeni kwenye kidumu chenye kifuniko, mpelekee fundi wa gereji kubwa iliyo karibu, nyingi zina pipa na kuna wanaokuja kuichukua. Kijana avae glavu.

Boda Kimara

Wakuu nimechelewa. Boda yangu nilipewa 0W-20 iliyobaki kwenye gari ya bosi, bure. Niweke?

Spana_14

Usiweke. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyepesi za magari zina vilainishi vya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza ukipanda mlima na abiria wawili. Tafuta yenye JASO MA au MA2 mgongoni. Pikipiki nyingi za Kihindi zinazofanya boda zimeandikiwa 20W-50 au 20W-40, angalia kitabu au kifuniko cha injini. Hiyo 0W-20 mrudishie bosi, mwambie akague kama gari yake ndiyo inayoitaka.